Uchambuzi: Sindano, hofu na neno la kumtuliza mtoto West Nile

Tangu tarehe 2 Aprili 2025, Uganda ilipozindua chanjo ya malaria wilayani Apac, ratiba ya chanjo za watoto wadogo nchini humo imeongezewa sindano 4: katika umri wa miezi 6, 7, 8 na 18. Chanjo hiyo, inayojulikana kama R21, ilipangiwa wilaya 105 zenye maambukizi makubwa na ya wastani. Kwa mkoa kama West Nile, ambako malaria imezoeleka kuwa mgeni wa kila nyumba, hiyo ni habari njema. Hata hivyo, kila kinga mpya inayotolewa kwa sindano humletea mtoto dakika nyingine ya maumivu, na mzazi dakika nyingine ya kuyatazama.

Hesabu yenyewe si ndogo. Mtoto anayezaliwa leo Arua au Koboko hudungwa chanjo ya kifua kikuu mara anapozaliwa. Akifikisha wiki 6 hudungwa sindano zaidi ya moja, na hivyo hivyo wiki ya 10 na wiki ya 14. Miezi 9 hupata chanjo ya surua na rubela pamoja na ya homa ya manjano, na miezi 18 hurudia ile ya surua na rubela. Ukijumlisha na za malaria, anatimiza umri wa miaka 2 akiwa amepita chini ya sindano zaidi ya 10, endapo atakuwa mzima muda wote. Hapo hakijahesabiwa kidole kinachochomwa kupima malaria, wala dripu, wala kidonda kinachosafishwa, wala mshono.

Swali linalozushwa na hesabu hiyo halihusu umuhimu wa chanjo, kwa kuwa umuhimu huo umethibitishwa. Linahusu jambo jingine: je, maumivu na hofu vinavyoambatana na matibabu ya mtoto ni sehemu ya lazima ya tiba? Utafiti wa takriban miaka 40 iliyopita unajibu kwamba sehemu kubwa si lazima, na kwamba hatua nyingi za kuyapunguza hazinunuliwi dukani. Kinachohitajika ni utaratibu, subira kidogo, na mtu anayezungumza lugha ya mtoto.

Deni la kihistoria

Vurra, kaunti ya Walugbara iliyoko kusini mwa jiji la Arua na kupakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina nafasi ya pekee katika mjadala huu. Huko Kuluva kuna hospitali ya misheni ambako daktari Ted Williams alifanya kazi tangu miaka ya 1940. Mwaka 1961, Williams pamoja na daktari mpasuaji Denis Burkitt na mwenzao Cliff Nelson walisafiri kwa gari takriban maili 10,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama zimeona watoto wenye uvimbe wa taya. Uvimbe huo ndio saratani inayoitwa leo kwa jina la Burkitt.

Miaka 10 baadaye West Nile iligeuka kuwa uwanja wa mojawapo ya tafiti kubwa za saratani kuwahi kufanyika barani Afrika. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake mjini Lyon nchini Ufaransa, walikusanya damu ya watoto wapatao 42,000 wa mkoa huo kuanzia mwaka 1972, kisha wakasubiri kuona ni nani angeugua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yalionyesha kwamba watoto waliokuja kuugua walikuwa na kiwango kikubwa cha kingamwili dhidi ya virusi vya Epstein-Barr muda mrefu kabla uvimbe haujaonekana. Ushahidi huo ulikuwa nguzo muhimu ya hoja kwamba virusi vinaweza kuchangia saratani kwa binadamu.

Kwa maneno mengine, sehemu ya elimu ya saratani inayofundishwa leo katika vyuo vya udaktari duniani ilitoka katika mishipa ya watoto wa West Nile. Watoto hao walinyoosha mikono, wakatolewa damu, wakarudi nyumbani. Ni haki kuuliza mkoa huo umerudishiwa nini katika elimu nyingine iliyokua wakati huohuo, yaani elimu ya namna ya kumtibu mtoto bila kumtesa.

Dhana iliyoporomoka

Hadi miaka ya 1980, madaktari wengi katika nchi tajiri waliamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama mtu mzima, au akiyasikia hayakumbuki. Watoto njiti waliwahi kupasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli na dawa hafifu tu ya usingizi. Mwaka 1987 daktari Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford, Uingereza, walilinganisha watoto njiti waliofanyiwa upasuaji wa mshipa ulio karibu na moyo. Waliopewa dawa kali ya maumivu walikuwa na mshtuko mdogo wa mwili na matatizo machache zaidi baada ya upasuaji kuliko wenzao. Tangu hapo ikawa vigumu kudai kwamba kilio cha mtoto mchanga ni sauti tu isiyo na maana.

Hoja ya kwamba mtoto husahau nayo ilitikiswa. Mwaka 1997 watafiti wa Toronto, Kanada, wakiongozwa na Anna Taddio, walichunguza watoto wa kiume wenye umri wa miezi 4 hadi 6 walipokuwa wakichanjwa. Wale waliokuwa wametahiriwa wakiwa wachanga bila dawa ya maumivu walionyesha maumivu makali zaidi wakati wa chanjo kuliko ambao hawakutahiriwa. Mwili ulikuwa umeweka kumbukumbu ambayo ulimi haukuweza kuisimulia. Matokeo hayo yanazihusu moja kwa moja familia za Waislamu wa Arua, Koboko na Yumbe zinazotahiri watoto wao mapema: swali la ganzi kabla ya tohara halipaswi kuonwa kuwa anasa.

Wala hofu ya sindano haikuzuka bure. Nchini Uganda, hasa wilayani Kumi mashariki mwa nchi, wameripotiwa watoto waliopooza mguu au kukakamaa misuli ya makalio baada ya kudungwa sindano za matakoni, nyingi zikiwa za dawa kama kwinini. Mzazi aliyewahi kumwona mtoto wa jirani akichechemea kwa sababu hiyo hawezi kuambiwa tu kwamba anaogopa upuuzi. Anastahili kuelezwa kwamba chanjo nyingi za mtoto mchanga hudungwa kwenye paja kwa upande wa mbele na nje, ambako hakuna mshipa mkubwa wa fahamu wa kujeruhiwa, na kwamba ana haki ya kuuliza sindano inapigwa wapi na kwa nini.

Hatua zisizo na bei

Mwezi Septemba 2015 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa kwa mara ya kwanza msimamo wake kuhusu kupunguza maumivu wakati wa chanjo. Umuhimu wa waraka huo kwa vituo vya afya vya vijijini ni kwamba haukuandikwa kwa ajili ya hospitali za kitajiri. Shirika hilo lilichagua hatua zinazoweza kutekelezwa katika nchi yoyote. Krimu za ganzi za kupaka kwenye ngozi, ambazo ni ghali na huhitaji muda kabla ya kufanya kazi, halikuzifanya sharti kwa kila nchi.

Hatua ya kwanza ni mapaja ya mama. Mtoto mdogo abebwe na mzazi au mlezi wake, asilazwe mezani na kushikiliwa na wageni. Ya pili ni ziwa: mtoto anayenyonya anyonyeshwe wakati wa sindano au muda mfupi kabla yake. Ya tatu ni mpangilio. Panapokuwa na chanjo zaidi ya moja, ile inayouma zaidi iwe ya mwisho, maana ikitangulia huifanya ya pili nayo ionekane kali. Ya nne inamhusu mchomaji mwenyewe: baada ya kuingiza sindano asivute bomba nyuma kuangalia kama kuna damu, kwani desturi hiyo huongeza muda na maumivu bila faida katika sehemu zinazopendekezwa kwa chanjo. Mtoto aliye chini ya miaka 6 ageuziwe fikra kwa wimbo, hadithi, mchezo au kitu cha kuchezea.

Waraka huo ulitaja pia mambo yasiyosaidia. Kusugua au kufinya mahali pa sindano hakupendekezwi, wala kuipasha chanjo joto, wala kumpa mtoto dawa ya kumeza ya maumivu kabla ya kuchanjwa. Mzazi anayemnywesha mtoto panadol asubuhi ya kliniki hufanya hivyo kwa mapenzi, lakini dawa hiyo haizuii uchungu wa sindano.

Kwa wasichana wa miaka 10, ambao tangu mwaka 2015 huchanjwa Uganda nzima dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, suala ni tofauti kidogo. Chanjo hiyo mara nyingi hutolewa shuleni, na hofu katika foleni huambukizana kama kicheko. Mmoja akizimia, wa nyuma yake huanza kutetemeka. Kuwaketisha badala ya kuwasimamisha, kuwadunga mahali penye faragha mbali na macho ya wenzao, na kuwaeleza mapema kitakachotokea ni hatua ndogo zinazoweza kuamua kama siku ya chanjo itakumbukwa kwa kinga au kwa kizaazaa.

Neno kama dawa

Katika mapendekezo yote hayo, moja huonekana jepesi kuliko mengine, nalo ndilo gumu zaidi katika mkoa wa mpakani: maneno. WHO inashauri mhudumu awe mtulivu, aseme na mtoto kwa lugha isiyotisha wala kudanganya. Kumwambia “sasa itauma sana” humwongezea hofu. Kumwambia “haiumi hata kidogo” humfundisha kwamba mtu mwenye koti jeupe ni mwongo, na somo hilo hudumu. Kilicho bora ni ukweli uliopimwa: “Sasa naanza. Utasikia kama umefinywa, halafu itaisha.”

Lakini neno hutuliza pale tu linapoeleweka. Katika vituo vya afya vya Vurra lugha ya kawaida ni Kilugbara. Koboko husikika zaidi Kikakwa. Katikati yao wapo Wanubi wa mijini, wafanyabiashara wanaovuka kwenda Aru na Ariwara, na wakimbizi wa Kongo, wakiwamo waliopewa hifadhi katika makazi ya Lobule wilayani Koboko. Kwa wengi wao Kiswahili ndicho daraja la kuongea na jirani, na kwa baadhi ya watoto ndicho lugha ya kwanza ya kufarijiwa. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha mwezi Julai 2022 uamuzi wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi na kukifundisha kwa lazima shuleni. Mjadala wa uamuzi huo umekuwa juu ya biashara, majeshi na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Chumba cha sindano hakijatajwa sana, ilhali huko ndiko kutoelewana kwa lugha kunakogeuka kuwa mayowe.

Suluhisho halihitaji kusubiri walimu wapya. Sentensi 5 au 6 fupi, zilizobandikwa ukutani kwa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kiswahili na Lingala, zingemwezesha muuguzi yeyote kumwambia mtoto yeyote kinachofanyika. Zaidi ya hapo yupo mkalimani ambaye kila mtoto huja naye, yaani mzazi. Kumtoa mama nje ya chumba “ili asisumbue” ni kumfukuza mkalimani na mtulizaji kwa pamoja. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Aujuaye ndiye anayefaa kuwa karibu.

Wazazi nao wana sehemu yao ya kurekebisha. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki sindano hutumika kama fimbo: “Usipoacha kulia nitakupeleka kwa daktari akudunge.” Mtoto aliyelelewa na tishio hilo hufika kituoni akiwa tayari amehukumiwa. Muuguzi hata awe mpole kiasi gani, anaonekana kuwa ndiye mtekelezaji wa adhabu.

Pale ambapo wimbo hautoshi

Lingekuwa kosa kudhani kwamba wimbo na ziwa hutosha kwa kila jambo. Mtoto aliyeungua kwa uji au moto hubadilishiwa bendeji mara kwa mara, na kila mara nyama mbichi huguswa. Mtoto mwenye saratani ya Burkitt hutibiwa kwa dawa zinazopitia mishipa ya damu, na nyingine hupelekwa kwenye maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Mtoto mwenye selimundu huletwa akiwa tayari katika maumivu makali kabla hajaguswa na yeyote. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016, uliopima damu ya watoto wachanga zaidi ya 97,000, ulionyesha kwamba asilimia 13.3 ya watoto nchini Uganda wana chembe za urithi za selimundu na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Hao wote wanahitaji dawa halisi.

Hapa Uganda ina cha kujivunia. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, akaleta mfumo wa morfini ya maji inayochanganywa kutokana na unga na kunywewa. Ni dawa rahisi ambayo serikali huitoa bila malipo kwa wagonjwa. Mwaka 2004 kanuni zilibadilishwa ili wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa waweze kuiandika, jambo ambalo nchi nyingi hazikuthubutu kulifanya. Umuhimu wa hatua hiyo huonekana ukitazama dunia nzima. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilieleza kwamba kati ya takriban tani 299 za dawa za jamii hiyo zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 pekee.

Ketamini nayo ni ya thamani. Kwa kipimo sahihi na chini ya uangalizi wa mtaalamu, dawa hiyo humwezesha mtoto kuungwa mfupa au kusafishwa kidonda cha moto bila kuhisi, huku akiendelea kupumua mwenyewe. Mwaka 2015 China iliuomba Umoja wa Mataifa uiweke chini ya udhibiti wa kimataifa wa dawa za kulevya. WHO ilipinga, kwa hoja kwamba katika hospitali nyingi maskini hakuna dawa nyingine ya usingizi ya kushika nafasi yake. Dawa ya ganzi ya kudunga kabla ya mshono, kwa upande wake, ni ya bei ndogo na ya miaka mingi. Mtoto akishonwa bila ganzi mahali ambapo ganzi ipo kabatini, tatizo halimo katika bajeti.

Kikwazo kiko wapi?

Wahudumu wa afya wana utetezi wa kweli. Muuguzi mmoja anaweza kukabili foleni ndefu ya akina mama chini ya mwembe, huku chanjo zikihitaji kubaki kwenye baridi na vitabu vikihitaji kujazwa. Kusitishwa kwa sehemu kubwa ya misaada ya Marekani mwaka 2025 kumezidisha mzigo katika vituo vilivyotegemea fedha za nje. Kumwambia mtu wa namna hiyo aimbe kunaweza kusikika kama dhihaka.

Lakini hoja ya muda inapaswa kupimwa kwa pande zote mbili. Mtoto anayepambana huhitaji watu 2 au 3 wa kumshika. Sindano huweza kuteleza, na mayowe yake huwaandaa watoto wote walio kwenye foleni kupambana vilevile. Mtoto aliyepakatwa vizuri huhitaji mama yake na mchomaji mmoja. Kupanga sindano inayouma iwe ya mwisho hakuongezi hata sekunde moja. Kutovuta bomba nyuma hupunguza sekunde. Kinachokosekana mara nyingi ni mazoea, na mazoea hubadilika msimamizi wa wilaya anapoyauliza kwenye ukaguzi kama anavyouliza idadi ya waliochanjwa.

Ukaguzi huo unaweza kuwa na maswali machache tu. Je, mama aliruhusiwa kumpakata mtoto? Je, mtoto alielezwa jambo kwa lugha anayoijua? Je, ganzi ilitumika kabla ya mshono? Je, maumivu yaliandikwa kwenye kadi ya mtoto aliyelazwa, kama yanavyoandikwa joto na mapigo ya moyo? Hospitali ya rufaa ya Arua, Kuluva, Koboko na vituo vidogo vya mipakani vinaweza kuyajibu bila kusubiri mradi wa wafadhili.

Mafanikio ya chanjo ya malaria yenyewe yanategemea majibu hayo. Dozi ya tatu hutolewa mtoto akiwa na miezi 8, na ya nne akiwa na miezi 18. Katikati ipo miezi 10, muda wa kutosha kwa mama kuhama, kuvuka mpaka, kulima msimu mzima au kusahau tarehe. Hakuna askari wa kumfuata. Atarudi kituoni kwa hiari yake, mara nyingi kwa miguu, na safari hiyo mtoto wake atakuwa amekua kiasi cha kulitambua lango, kuikumbuka sauti ya ndani na kushika nguo ya mama yake kwa mikono miwili.